Pointi Tatu za Chundwa

Mwanangu Muna,

Salamu zangu utazipata kesho gatini kwa mdomo, pamoja na dua, na machozi ya shangazi yako Bi Tima, aliyeanza kulia tangu Jumatatu asije akapungukiwa siku yenyewe ikifika. Sasa ni baada ya alasiri. Wewe umekwenda Mkomani kuaga jamaa, babako yuko kwenye karakana yake akigombana na mashine ya boti ya mtu, na mimi nimekaa mbele ya kabati la vitabu nikiwa na jambo lililonikaa kooni tangu mwezi wa Ramadhani. Nimejaribu kulisema mara tatu. Mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Sitaandika habari za masweta. Sitaandika habari za pasipoti, wala nyama ya halali, wala ule unga wa muhogo ambao shangazi yako ameuficha katikati ya nguo zako, na ambao bila shaka watu wa forodha wataufungua wakidhani ni kitu kingine. Hayo yana wenyewe. Mimi nina langu moja, na afadhali nikwambie mapema kwamba naliandika kwa hasira. Nina hasira na nafsi yangu, na kidogo, usinune, nina hasira na wewe.

Jana mchana tulipokuwa tukila ulisema, bila hata kuinua macho kwenye sinia, "Mama, mimi nishaamua. Nikifika huko nitamwambia profesa nibadilishe somo. Hii kitu imenishinda kabisa." Babako akakwambia hakuna neno, masomo ni mengi. Nikasimama kwenda kuchukua maji, na jagi lilikuwa pale pale mbele yangu, limejaa.

Nataka usibadilishe somo. Na ili nikuombe hivyo sina budi nikwambie kwa nini limekushinda. Halijakushinda wewe.

Unakumbuka siku uliponieleza kwa mara ya kwanza? Ulikuwa umerudi kutoka chuo kikuu na maneno mapya, kutwa ni nadharia ya wimbi zima, mpaka paka wa nyumba hii akayajua. Mimi nikakucheka. Nikakwambia nimefundisha hesabu miaka mingi na sijaona wimbi nusu. Wewe ukanishika mkono ukauweka ukutani, upande tunaopakana na kina Bi Shee. Wao walikuwa wakitwanga. Ukasema, "Sikia. Kwanza kuna ile 'du'. Halafu kuna vingine vyote vinavyofuata, ule mtetemo unaozunguka ukutani ukipita kwenye mawe, kwenye chokaa, kwenye boriti, kwenye kila tundu. Watu wa zamani walikuwa wanasikiliza ile 'du' ya kwanza tu. Wanapima imechukua muda gani kufika, basi. Vingine vyote wanaviita kelele."

Nikakwambia kwamba watu hao wa zamani ni sisi, tuliopima ardhi kwa nyundo kabla sijawa mwalimu.

Ukasema, "Ndio, Mama. Nyinyi." Ukacheka kwa adabu.

Halafu ukanieleza vizuri, na sitasahau, kwa sababu ndiyo siku niliyojua kwamba umenipita. Ulisema njia yetu ya zamani ingefaa kama ardhi ingekuwa na tabaka zilizolala moja juu ya nyingine kama mikeka. Lakini ardhi ya visiwa hivi ni jiwe la matumbawe lenye matundu na mapango, mchanga umeingia huku, udongo wa mfinyanzi umekaa kule, maji yamejaa hapa na pale pakavu. Wimbi likipita humo halinyooki. Linagawanyika, linarudi, linakwenda kwa kasi tofauti, linabadilika namna. Kwa hiyo mtu hachagui kipande cha wimbi kinachompendeza. Anaichukua ardhi, anaigawa kwenye kompyuta vipande vidogo vidogo, anakokotoa kila kipande kinavyomsukuma jirani yake, tangu nyundo inapogonga mpaka mtetemo wa mwisho unapozimika. Kisha analinganisha na kilichorekodiwa uwanjani. Kama havifanani, anaibadilisha ile ardhi ya kompyuta kidogo, anaanza upya, mpaka vifanane kuanzia kichwa hadi mkia.

"Na vikikataa kufanana?" nikakuuliza.

"Basi kuna kitu hatukijui kuhusu ardhi," ukasema.

Ardhi, ulisema. Hukusema kuhusu daftari langu la vipimo.

Ukaamua utajaribu kwa vipimo vya kijiji cha Chundwa, vile ambavyo kikosi chetu kilivirekodi mwaka wewe ulipoanza darasa la kwanza, tulipotumwa kutafuta mahali pa kuchimba kisima. Mwalimu wako akakupatia rekodi zenyewe kutoka ofisi iliyotutuma. Na kutoka kwenye kabati hili ukatoa daftari langu, lile la jalada jeusi, ambamo niliandika mahali tulipogonga nyundo na mahali tulipopanda vile vipokezi vya kusikiliza ardhi. Ulilibeba kwa mikono miwili. Nilijisikia vizuri mno siku ile, siwezi kukuficha.

Ikaanza miaka miwili ya adha. Kompyuta yako imepiga kelele chumbani humo kama mashine ya kusaga. Unaiwasha Ijumaa, inakokotoa, Jumapili umeme unakatika, unaanza tena. Ukanunua betri. Betri ikafura. Ukienda kulala unaota, na ukiamka unakwenda kuangalia kabla hujanawa uso. Nimekuona ukikonda kwa ajili ya mistari miwili, mweusi wa kilichorekodiwa na buluu wa kilichokokotolewa, ambayo inaanza pamoja vizuri, kisha mmoja unapanda na mwingine unashuka, kama watu wawili wanaojibizana. Nimekusikia ukilitukana jiwe la matumbawe. Nimekusikia ukijitukana mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma. Msichana niliyemlea mimi, hesabu zake hazijapata kuwa na doa, anajiita mjinga mbele ya kompyuta kwa kosa la mtu mwingine.

Ramadhani, siku ile nilipokuletea futari chumbani kwa sababu hukutaka kutoka, ulinionyesha. Ulisema karibu laini nzima ya vipimo imekubali isipokuwa mahali pamoja. "Angalia, Mama. Kutoka pointi ya kumi na saba mpaka ya kumi na tisa. Mwanzo wa wimbi unachelewa kufika, kwa hiyo programu inaweka pango chini, ndiyo njia yake ya kulichelewesha. Lakini kama kuna pango, mkia lazima uonyeshe. Pango linarudisha mawimbi. Na mkia hauna kitu. Mwanzo unasema kuna pango, mkia unasema hakuna. Halafu rekodi za kugonga kutoka upande wa pili, pointi ya thelathini, zinapita chini ya mahali pale pale, na hazijachelewa hata kidogo."

Nikakuuliza umefanyaje.

"Nikaona hizo za thelathini ni mbovu. Nikazitupa."

Nikakuuliza kwa nini umetupa za thelathini na si zile nyingine.

Ukaniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Kwa sababu za kumi na saba zimo kwenye daftari lako, na za thelathini ni za mwandiko wa mtu mwingine."

Muna, niliweka lile bakuli la uji mezani nikatoka. Ulidhani nimechoka na saumu. Nilikwenda juu kwenye kipaa cha nyumba nikakaa kando ya matangi ya maji. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Nilizijua kabla hujamaliza kuzitaja.

Sasa nikupe habari ya siku yenyewe.

Ile laini yetu ilianzia karibu na kisima cha zamani cha Chundwa ikaelekea shule. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu kikosini, na kazi ilikuwa ya majaribio. Mkuu wetu alikuwa mtu wa bara, hodari wa kazi yake, lakini ulimi wake ulikuwa kama pilipili. Asubuhi ile alikuwa amemfokea kijana wa nyundo mbele ya watu kwa sababu aligonga nusu mita kando ya alama. Akasema laini ni laini, na asiyeweza kuifuata arudi kwao. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu, na mkuu aliusifu sana. Nilikuwa nikiketi siku ya kabla nikajaza daftari zima mapema: namba ya pointi, umbali, upande, yote kwa mwandiko mzuri na rula. Uwanjani nilibakisha kuweka tiki tu. Wenzangu waliandika juani, jasho likiwatona kwenye karatasi, mwandiko kama kuku amepita. Langu lilikuwa safi.

Tulipofika pointi ya kumi na saba tukajikuta mbele ya nyumba ya Bi Mwanaesha. Mumewe alikuwa amefariki siku tisa kabla. Alikuwa ndani, kwenye eda, na nyundo yetu ya kilo nane ilikuwa ianze kupiga bamba la chuma hatua nne kutoka dirisha lake. Akatoka mama mmoja wa makamo, mama mkwe wake nadhani, akatusimamisha. Hakupayuka. Aliniambia mimi, maana ndimi mwanamke.

"Mwanangu, nyumba hini ina mtu wa eda. Nyundo hiyo mwampiga kitwani. Nendani huko nyuma ya kitalu. Ndia ni nyingi."

Mkuu wetu alikuwa mbali, kwenye mashine ya kurekodi, haoni kitu. Tungempigaje mjane kichwani, na njia zipo nyingi? Nikawaambia vijana tuhame. Tukazunguka nyuma ya kitalu, ule ukuta mfupi wa shamba lao, tukagonga pointi ya kumi na saba huko, na ya kumi na nane, na ya kumi na tisa. Halafu tukarudi kwenye laini na kuendelea na ishirini kana kwamba hakuna lililotokea. Na hapo nisikilize vizuri: kuhama hakukuwa kosa. Hata leo ningehama. Mtu wa eda hagongewi chuma dirishani ili sisi tupate namba nzuri.

Kosa lilikuwa la kalamu. Daftari lilikuwa limekwisha kuandikwa tangu jana yake. Umbali wa kumi na saba ulikuwa pale, kwa wino, umenyooka. Ilinipasa kuukata, niandike pembeni kwamba tumehama, tumehama hadi wapi, kwa sababu gani. Mstari mmoja tu wa wino. Nikawaza mkuu atafoka. Nikawaza ukurasa utachafuka. Muna, sikufichi, lile la ukurasa lilikuwa na nguvu kuliko lile la mkuu. Nikaweka tiki. Tiki tatu.

Nikajiambia nitarekebisha tukifika tulikofikia. Tulipofika nikala, nikaswali, nikajaza kurasa za kesho.

Kwa njia yetu ya zamani, ile ya kusikiliza "du" peke yake, hakuna aliyegundua. Tulikuwa tumegonga mbali zaidi ya nilivyoandika, kwa hiyo wimbi likachelewa, na mkuu akaona amefika kwenye pango. Akatia mistari ya penseli kwenye ramani, akaandika pasichimbwe hapo, maji ya bahari yatapitia humo. Akanipa mkono. Akasema hilo pango limeonekana kwa sababu daftari langu ni safi. Na kile kisima kikachimbwa upande wa shule, ambako bamvua likija maji yanakuwa ya munyu, na watu hufulia tu. Sisemi ni kwa ajili yangu. Huenda pale mbele ya kina Bi Mwanaesha nako kungetoka munyu, mawimbi yenu na yetu hayaonji chumvi. Lakini hakuna aliyepachimba ajue.

Barua ya sifa aliyoniandikia mkuu yule ndiyo iliyonipatia ualimu. Unaijua, imo kwenye fremu, mlango wa kuingilia.

Na sasa nifike kwenye linaloniaibisha zaidi. Ulipokuwa darasa la nne niliwapeni kazi ya kupima ua wa shule. Mlikuwa arobaini, na wewe ulikuwa mwanangu, kwa hiyo nilikuwa mkali kwako mara mbili. Uliandika, "Ukuta wa tatu ni kama mita saba." Nikakuita mbele. Nikakuuliza "kama" ni nini. Ukasema kulikuwa na nyuki upande ule, hukuweza kufika mwisho wa ukuta, kwa hiyo umekisia. Nikakwambia mbele ya darasa zima kwamba kwenye kipimo hakuna "kama", na nikalitoa daftari langu jeusi la Chundwa nikawaonyesha wote jinsi mtu mkweli anavyoandika. Ukafuta huku unalia. Nakumbuka raba ilitoboa karatasi.

Mtoto wa miaka tisa aliandika ukweli kwamba hakufika, na akasema kwa nini. Mimi nikamfuta kwa kutumia uongo wangu. Nimelifikiria hili miezi miwili, kila nikichuja nazi nalifikiria, na bado sijapata namna ya kulisema likawa dogo.

Ndiyo maana nasema nina hasira na wewe pia. Umefundishwa kushuku kila kitu. Umeshuku jiwe, ukashuku programu, ukashuku vipokezi, ukashuku umeme wa Lamu, na huo unastahili. Ukazishuku rekodi nzima za pointi ya thelathini, zilizogongwa na kijana mwaminifu ambaye mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita, ukazitupa. Ukajishuku mwenyewe mpaka ukaingia homa. Daftari la mamako hukuligusa. Kwa nini hukunishuku, Muna? Swali moja tu ungeniuliza, pale mwanzo, "Mama, una hakika mlisimama hapa?" Labda ningedanganya. Lakini labda nisingedanganya, na ungekuwa na miaka yako miwili.

Basi, najua jibu. Nimelitengeneza mwenyewe hilo jibu, mbele ya watoto arobaini.

Halafu nikanyamaza tena, tangu Ramadhani mpaka leo. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa kuogopa mkuu, na angalau nilikuwa kijana, na kazi ilikuwa ya majaribio. Safari hii nimenyamaza kwa kukuogopa wewe. Nilikuona ukiwaeleza wageni, "Hili daftari la Mama ndilo msingi wa kazi yangu," nikamimina kahawa. Nikajidanganya kwamba nitatafuta kwanza njia ya kulirekebisha, kisha nikwambie yote mawili pamoja, kosa na dawa yake. Nikawa sifanyi hata moja.

Mpaka wiki iliyopita. Mliponiaga nikisema nakwenda kumtazama mgonjwa Faza, sikuwa na mgonjwa. Nilipanda boti ya Faza, nikatoka huko kwa pikipiki mpaka Chundwa, na ndani ya mkoba nilikuwa na futi ya kamba ya babako, ambayo ameitafuta nyumba nzima akimlaumu shangazi yako. Mwambie, ukisoma haya nitakuwa nimeirudisha.

Bi Mwanaesha yupo. Ameolewa tena, ana wajukuu, na nyumba ni ile ile, ila dirisha limetiwa vyuma. Nilipomwambia nilichofuata alinisogelea anitazame vizuri.

"Wewe ndiye mwanamke wa nyundo?"

Nikasema ndimi.

"Miaka yote hini, umekuya kutafuta mahali pa nyundo?" Akacheka mpaka akakaa chini. Nilimwacha acheke, ilikuwa haki yake. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Akasema siku zile hakuwa na la kufanya ila kukaa na kusikia, na yeye ndiye aliyemtuma mama yule atusimamishe, si kwa sababu ya sauti. Kila tulipogonga huko kisimani, kabla hatujamfikia, mtetemo ulikuwa ukimjia ukutani na kwenye kitanda alichokuwa akilala marehemu. Alisema ilikuwa kana kwamba mtu anageuka kitandani.

Kwenye daftari langu hilo halina safu.

Akanitoa nje akanionyesha. Ya kumi na saba aliikumbuka vizuri, kwa sababu bamba letu lilivunja pembe ya kitalu na mumewe wa pili ndiye aliyekuja kuiziba, na chokaa yake mpaka leo ni nyeupe kuliko nyingine. Ya kumi na nane ilikuwa kando ya mkanju wao wa korosho, nao upo. Nikavuta futi mara tatu kila mahali, yeye akishika ncha ile, tukigombana, maana hakuwa akiikaza. Nakuandikia hapa, na kwenye daftari jeusi nimekata kwa wino mwekundu nikaandika pembeni, na ukurasa sasa ni mchafu.

Pointi ya kumi na saba: irudishe nyuma mita kumi na moja na nusu kutoka niliposema, upande wa kisima, kisha mita sita kuelekea kibla.

Pointi ya kumi na nane: nyuma mita tisa na robo, na mita saba kuelekea kibla.

Pointi ya kumi na tisa hakuijua. "Ya tatu sikuiyona," alisema. "Nalisikia tu." Tulizunguka kitalu chote juani. Mimi nilikuwa na picha kichwani ya jiwe bapa, yeye akasema hapakuwa na jiwe bapa kamwe. Ningeweza kukukisia. Najua mita nane ingependeza kukaa baada ya kumi na moja na nusu na tisa na robo, ingeshuka vizuri kwenye safu. Nimeiacha nafasi wazi. Nimeandika, "Sikumbuki. Mimi, Khadija, nilikuwepo na sikumbuki."

Daftari liko ndani ya begi lako dogo, chini ya msahafu. Kompyuta unayo. Rekodi za pointi ya thelathini zirudishe, na nikijua aliko kijana yule, naye ni mtu mzima sasa, nitamwomba radhi mwenyewe. Zigonge upya zile mbili kwenye hiyo ardhi yako ya kompyuta kutoka mahali zilipogongwa kweli, uone kama pango litabaki. Mimi nadhani litaondoka. Usiniamini. Angalia.

Na kama baada ya hapo utataka bado kubadilisha somo kwa sababu limekuchosha, badilisha, sitasema neno. Ila usibadilishe kwa kudhani umeshindwa. Mistari yako ilikuwa ikikwambia ukweli tangu siku ya kwanza. Ule mkia ambao sisi tuliuita kelele ndio uliokataa kushuhudia uongo wangu, na wewe ndiye uliyeusikia, ukadhani ni wewe uliyekosea.

Nasikia sauti yako chini, unazungumza na babako, na yeye anakuuliza kama umeiona futi yake. Nitafunga. Utaisoma barua hii ukiwa umekwisha kuvuka Mokowe, nimempa Bi Tima akutilie kwenye mkoba wa safari, kwa hiyo kesho gatini utanikumbatia kama kawaida, hujui kitu, na mimi nitakubali kukumbatiwa. Huo nao ni woga, naujua. Ndio wa mwisho nitakaokufanyia.

Nimebakisha ombi moja. Uliwahi kuniambia kwamba wimbi zima, likisikilizwa lote mpaka mwisho, linaweza kuonyesha hata mahali nyundo ilipogonga, kama ardhi yenyewe imekwisha kujulikana. Basi ile ya kumi na tisa itafute wewe. Hata ikichukua mwaka. Siku utakapoipata, nipigie simu, saa yoyote huko, uniambie siku ile nilikuwa nimesimama wapi.

Mama yako,
Khadija